Miisho Minne ya Kishindo

Kwa miaka kumi na tisa Shangazi Tochi aliwaonyesha watu viti gizani, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuona mwisho wa filamu hata moja. Jambo hilo hakulijua mtu. Nyumbani kwa kaka yake alikokuwa akiishi, na mtaa mzima kuanzia kwa kinyozi hadi kwa fundi cherehani, walimchukulia kuwa ndiye mwenye sinema yote kichwani, naye hakuona sababu ya kuwaharibia watu raha yao.

Kisa kilikuwa mlango. Jumba lile la sinema lilikuwa la zamani, na watazamaji walitokea kwa ngazi ya nyuma, penye mlango wa chuma wenye makomeo matatu. Komeo la juu lilitaka bega, la kati lilitaka mikono miwili, na la chini lilitaka teke na dua. Kazi hiyo ilikula dakika kumi nzima. Kwa hiyo kila shujaa alipoanguka kwenye pambano la mwisho na muziki ukaanza kuvimba, Shangazi Tochi alizima tochi yake akateremka kupigana na makomeo. Shujaa akiinuka, akioa au akifa, yeye aliyasikia hayo kupitia ukutani, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani.

Ungemuuliza kwa nini asije kutazama siku yake ya mapumziko, naye angekuuliza ni mpishi gani anayetumia mapumziko yake kuchungulia masufuria. Ukweli ni kwamba aliogopa. Alikuwa na miisho yake mwenyewe na ameshaizoea.

Alianza kuitunga kwa ajili ya binti wa kaka yake. Alipokuwa mdogo, mtoto huyo alikuwa mtu wa homa, leo kapona kesho kalala, na kila jioni alimsubiri shangazi yake arudi kutoka kazini amsimulie picha ya siku hiyo. Mtoto mgonjwa humwambii kwamba hadithi imekatikia mlangoni. Shangazi akawa anamalizia mwenyewe. Kulikuwa na filamu moja ya farasi aliyepotea vitani, na usiku ule homa ilikuwa kali, basi farasi akarudi mpaka zizini kwao, akagonga mlango kwa kwato mara tatu. Mtoto alicheka akalala. Tangu siku hiyo hakuna mnyama aliyekufa katika filamu za shangazi yake.

Sasa ikaja sehemu ya pili ya Kishindo.

Kama hukuwepo, basi ujue kwamba Kishindo ni yule shujaa wa joho jekundu na ngumi za ngurumo, na kwamba sehemu ya kwanza ilimwacha akining'inia kwa vidole viwili juu ya shimo, huku adui yake Daktari Kutu akicheka ndani ya kofia ya chuma ambayo hajawahi kuivua. Miaka miwili mizima watu waligombana. Kishindo amekufa, hajafa. Kutu ni nani, kwa nini havui kofia, anakulaje? Ndugu walinuniana. Binti wa kaka yake Shangazi, ambaye sasa alikuwa mkubwa anasomea ualimu, alikuwa na daftari zima la hoja zake, na wiki ile ya mwisho alitembea na pamba masikioni ili mtu asije akamharibia.

Meneja wa sinema, mtu mwembamba asiyefungua kifungo cha shati hata jua likiwaka, aliwakusanya wafanyakazi akawasomea barua ya wasambazaji wa filamu. Atakayetoboa mwisho atafukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na jumba lenyewe halitaletewa filamu mwaka mzima. Wote wakaweka sahihi, na Shangazi Tochi sahihi yake akaipigia mstari chini.

Jumatano asubuhi filamu ikajaribiwa. Ukumbini walikuwa wawili tu: meneja amekaa katikati, na Shangazi amesimama pale pale mlangoni anaposimama siku zote. Juu kwenye chumba cha mashine alikuwepo mzee wa mashine, ambaye akishawasha tu husinzia. Hapo ndipo angeuona mwisho wa filamu kwa mara ya kwanza maishani, kwa raha zake, bila msukumano wa mtu. Kishindo akapigwa, akaanguka kifudifudi, muziki ukavimba. Shangazi akazima tochi akateremka ngazi. Alikuwa ameshalisukuma komeo la pili alipokumbuka kwamba leo hapakuwa na mtu wa kumfungulia.

Alisimama pale bega likimuuma, akajiona mjinga wa kutupwa. Kurudi juu aliona haya, maana meneja angemuuliza alikuwa wapi. Akalipiga teke na komeo la tatu, yaishe.

Meneja alipomuuliza kama ameona, akajibu ameona. Aliposisitiza kwamba hakuna kusema, akajibu kwamba mdomo ameushona kwa uzi wa viatu.

Hakuna siri inayotembea haraka kama siri ya mtu anayejulikana kuwa na siri. Jioni ile ile fundi cherehani alimwita kutoka kibandani mwake. Alikuwa ameshona majoho mekundu kwa kitambaa cha mapazia, yamejaa mpaka kwenye kiti cha wateja, na alitaka kujua jambo moja tu: aendelee na wekundu, au aanze kukata vitambaa vyeusi vya msiba? Shangazi alimwambia amekula kiapo. Lakini alilisema huku anatabasamu, na mtu anayekataa kwa tabasamu ameshaanza kusema. Fundi alikuwa ameshikilia mkasi hewani, macho yamemtoka. Shangazi akamhurumia. Akamnong'oneza kwamba Kishindo anapanda kutoka shimoni, anavua joho lake, na kumvisha mtoto maskini. Fundi alirudi kwenye cherehani kama mtu aliyepewa miguu mipya.

Kinyozi hakuhitaji huruma. Huyo alikuwa mbishi wa kuzaliwa, ukisema mvua yeye husema jua, na miaka miwili alikuwa peke yake mtaani anayeshikilia kwamba Kishindo amekwisha. Shangazi alimpa mazishi, tena yenye mvua. Kinyozi alifurahi kupita kiasi, akaapa mbele ya wateja wote kwamba Kishindo akisimama tena kwa miguu yake, yeye atanyoa masharubu aliyoyafuga tangu ujana.

Nesi wa nyumba ya pili alimkuta akianua nguo. Nesi huyo alitoka zamu na miguu imevimba, wala hakuuliza kwa ujanja, alisema tu kwamba angependa kujua kama inafaa kupoteza siku yake pekee ya kulala. Basi Shangazi akamwambia kwamba anayemwokoa Kishindo ni nesi. Hana nguvu za ajabu, hana joho. Anamkanda kifua mpaka moyo unarudi, kisha anaangalia saa yake, kwa sababu zamu haijaisha. Nesi alilia pale pale kwenye kamba ya nguo, akaenda kubadilishana zamu.

Akabaki wifi yake. Wifi, mke wa kaka, alikuwa mwanamke mwema mwenye ugonjwa mmoja, nao ni kutaka kujua jambo kabla ya wengine. Jioni ya Alhamisi alianza kukata vitunguu kwa kishindo kisicho cha vitunguu. Nyumba moja, chungu kimoja, akasema, lakini habari za ndani yeye anazipata kwa kinyozi. Wifi akaendelea mpaka kwenye mambo ya zamani, ya harusi na nani hakukaribishwa mbele. Shangazi akaona bora amtie kitu kizito kinywani kimnyamazishe.

"Kutu anavua kofia," alisema. "Kumbe ni mama yake Kishindo."

Kisu kikaanguka. "Mama mzazi?"

"Mama mzazi. Alimtupa angali mchanga, na vita vyote hivi ni kutaka mwanawe amtambue bila kuambiwa."

Shangazi mwenyewe alishangaa jinsi lilivyomtoka zuri. Wifi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kwa sababu ya Kutu na kwa sababu ya vitunguu. Akaapizwa asimwambie mtu, na hasa binti yake, ambaye muda huo alikuwa chumba cha pili na pamba zake masikioni. Wifi aliitunza siri hiyo tangu mboga zilipowekwa motoni mpaka zilipoiva. Kisha akaitia kwenye kundi la akina mama kwenye simu, watu kumi na wanane, akimwonya kila mmoja asimwambie mwenziwe.

Ijumaa, onyesho la saa saba mchana, ukumbi ulijaa mpaka viti vilivyovunjika vikapata wateja. Majoho mekundu yalinasa kwenye mikono ya viti, watu wakajikuta wamefungwa shingo na jirani. Jina la filamu lilipotokea walisimama kama waliotajiwa jina la ukoo. Kishindo alipochomoza shimoni, bisi ziliruka juu, na mtu mmoja akampigia kelele ajifunge kamba ya kiatu. Pembeni mwa safu ya saba alikaa mgeni wa wasambazaji na daftari lake, akiandika watu wanacheka wapi na wanalia wapi. Shangazi alizunguka na tochi akiwakalisha waliosimama, na mara moja moja alimtazama binti wa kaka yake, aliyekaa ukingoni mwa kiti, pamba ameshazitoa, mikono imeshika magoti. Alimwonea fahari isiyo na sababu.

Kishindo akaanguka kifudifudi. Muziki ukavimba. Shangazi akateremka.

Alikuwa kwenye komeo la kati aliposikia ukumbi umenyamaza. Halafu, kutoka upande wa safu ya tatu, sauti za akina mama kumi na wanane zikapasuka kwa pamoja: "Ni mama yake!" Kimya tena, kama sekunde mbili. Kisha jumba lote likalipuka, nusu kwa mshangao na nusu kwa matusi kwa safu ya tatu.

Waliosema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, hawakusema kwamba litakuja siku ya Ijumaa mbele ya mgeni mwenye daftari. Alilipiga teke komeo la chini na mlango ukafunguka kwa mara ya kwanza bila ubishi.

Watu walimwagika nje wakigombana. Binti wa kaka yake alitoka wa mwisho mwisho, joho amelikunja mkononi.

"Miaka miwili, Shangazi," alisema. "Nimebakiza sekunde mbili, wakaniambia." Wala hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeeleza alivyoangusha sahani, na hilo lilimuuma Shangazi kuliko kama angetukanwa.

Meneja alimwita kwenye ukumbi wa mbele, karibu na mashine ya bisi. Barua ilikuwa mezani, na mgeni wa wasambazaji amesimama kando, kalamu tayari. Meneja alieleza taratibu kwamba waliokuwepo Jumatano ni watatu. Yeye hakusema. Mzee wa mashine alikuwa usingizini, na hilo kila mtu analijua. Kabla Shangazi hajapata neno, wifi yake akajipenyeza, kifua mbele, amefurahi hajui anachokifanya. Akamwambia meneja asimsumbue wifi yake, kwani ni mtu mkweli mno: alilomwambia yeye Alhamisi ndilo lililotokea leo, neno kwa neno.

Mgeni akaandika.

Hapo ndipo Shangazi alipowaona wengine wanakuja. Kinyozi alitangulia, mkono ameuweka juu ya mdomo wa juu kama mtu anayeficha jeraha. Nyuma yake nesi, macho mekundu ya kukosa usingizi, akiuliza nesi yuko wapi, amemtafuta filamu nzima na hata hospitali hakuiona. Fundi cherehani naye alidai mtoto maskini na joho lake. Walisimama wote watatu mbele yake, na kila mmoja, aliposikia lalamiko la mwenzake, akageuka kumtazama.

Angeweza kuwakana. Alikuwa na ulimi wa kutosha. Angesema hawakumsikia vizuri, na mtaani angebaki yule yule mwenye kujua yote, ila bila kazi. Au angesema kweli, abaki na tochi yake, na asiaminiwe tena hata akisema saa ngapi. Kilichomkwamisha hakikuwa kinyozi wala masharubu yake. Nyuma ya wote hao, karibu na nguzo, alikuwa amesimama binti wa kaka yake, anasikiliza.

"Sijui filamu hii inaishaje," Shangazi alisema. "Huyu nilimwambia Kishindo anakufa, huyu nikamwambia anaokolewa, huyu nikamwambia anagawa nguo. Wifi ndiye nilimtungia la mama. Mimi sijawahi kuona mwisho wa filamu yoyote. Nakuwa chini nafungua mlango."

Meneja alisema hilo haliwezekani, Jumatano hapakuwa na mtu wa kufunguliwa. Ndipo mzee wa mashine, aliyekuwa akiteremka kutafuta chai, akajitia hatiani mwenyewe bila kuulizwa.

"Alishuka," alisema. "Mimi huamshwa na makomeo yake. Ndiyo najua niwashe taa. Jumatano nikajiuliza, huyu anamtoa nani?"

Mgeni wa wasambazaji alifunga daftari ghafla, akageukia mashine ya bisi, mabega yakimtikisika. Meneja alimtazama mgeni, akaitazama barua, akatambua kwamba barua ile haikuwa na kifungu cha kumfukuza mtu kwa kubahatisha. Wifi alikuwa ameanza kulia upya, kwa kuwa miongoni mwa wote waliodanganywa, yeye peke yake ameambiwa kweli na hata hiyo ilikuwa uongo.

Binti alisogea mpaka mbele ya shangazi yake.

"Na yule farasi?"

Shangazi alitamani komeo lolote la kusukuma. "Yule farasi sijui alikwenda wapi, mwanangu."

"Mwaka jana walimwonyesha kwenye televisheni," binti alisema. "Alikufa. Alikufia njiani, hata hajakaribia. Nikadhani televisheni wamekosea."

Shangazi akaanza kuomba radhi. Binti alimtazama kidogo, halafu akamnyang'anya tochi mkononi, akampa meneja. Akasema onyesho la saa kumi shangazi yake atakaa kitini mpaka taa ziwake, na kama kuna anayeona vigumu, ateremke yeye akafungue mlango. Meneja akataka kusema jambo kuhusu cheo chake. Mgeni alikuwa anamtazama. Akaipokea tochi.

Kwa hiyo saa kumi Shangazi Tochi alikaa. Hakujua miguu iwekwe wapi. Viti alivyowaonyesha watu miaka kumi na tisa vilikuwa vigumu, naye akashangaa kwamba hakuna aliyewahi kumwambia. Meneja alimpeleka mzee mmoja kwenye kiti chenye mtu, akamulika watu machoni, akazomewa. Kishindo alipoanguka kifudifudi, Shangazi aliinuka. Binti akamshika kiuno cha gauni akamrudisha chini.

Kutoka chini ya ngazi zilisikika kelele za chuma, kisha sauti ya meneja ikisema maneno ambayo hayakuwemo kwenye barua yoyote.

Daktari Kutu akapeleka mikono kwenye kofia. Safari hii hapakuwa na aliyesema neno, na Shangazi, ambaye ndiye aliyelitunga, alishika moyo. Kofia ikatoka. Ulikuwa uso wa mwanamke mzima, mchovu, mwenye mvi moja iliyoganda kwenye paji. Alimtazama mwanawe. Mwanawe alimtazama. Halafu mama akaweka kofia chini, akageuka, akaenda zake, na skrini ikawa nyeusi. Watu walipiga makofi na kupiga kelele, majoho yakapepea, na Shangazi Tochi akalia bila kujificha, kwa vile hakujua kwamba mwisho ukiutazama unaumiza hivi.

"Ndivyo ulivyomwambia mama?" binti alimnong'oneza.

"Karibu. Ila wangu asingeondoka. Angemkumbatia kwanza."

Binti alimpa pembe ya joho afute macho. "Wako ni mzuri zaidi," alisema.

Taa zilichelewa kuwaka, kwani komeo la chini halikuwa limeheshimu teke la meneja, na mzee wa mashine hakuwa ameamka.

Walipotoka nje, foleni ya onyesho la jioni ilishazunguka kona. Habari bado hazikuwa zimefika huko. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimtambua Shangazi, akamvuta mkono na kumsihi amwambie, yeye ana moyo mwepesi, amwambie tu inaishaje ili ajiandae.

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa Shangazi Tochi alikuwa na jibu la kweli. Alilitazama kwa ndani, akaona halina ladha. Binti wa kaka yake alisimama pembeni, mikono kifuani, anangoja kusikia.

"Usiogope," Shangazi alimwambia yule mama. "Mwishoni anakuja farasi."